Nusura nimwue 'Babu' kwa maji!

Wee cheka tu, lakini mwenzio nusura nivunje undugu kwa sababu ya mjusi.

Ilikuwa Juni 2022, nipo Houston, Texas, kwa dada yangu. Mwanawe wa miaka 11 anafuga mjusi mwenye ndevu, wale wa asili ya Australia. Usimfananishe na huyu wetu wa ukutani. Huyu akikomaa anakaribia nusu mita ukijumlisha na mkia, na akikasirika koo linafura na kuwa jeusi kama ndevu za mzee. Ndiyo maana pale nyumbani wanamwita Babu.

Dada na mwanawe wakasafiri wiki moja. Siku ya kuondoka mpwa wangu akanishika mkono: "Mjomba, nakuachia Babu." Nikamjibu, "Nenda kwa amani, mjomba yupo."

Basi bwana, wema ukanizidi. Kila nikitazama ile taa ya joto inavyomwakia mgongoni, naona kabisa kiumbe atakufa kwa kiu. Nikawa namnyunyizia maji asubuhi na jioni. Bakuli lake dogo nikaliondoa, nikaweka kubwa, tena chini ya taa ili asitembee mbali. Usiku, kwa kuogopa kiyoyozi kisimpige baridi, nikaufunika wavu wa juu kwa taulo. Chini alikuwa ametandikiwa makumbi ya nazi yaliyosagwa. Yakalowa chepechepe.

Asubuhi ya siku ya tano nakuta kioo kimefunga ukungu. Babu kajikunyata pembeni mbali na taa, chakula hataki, puani ute, kinywa wazi, anapumua kwa mlio kama filimbi mbovu. Jasho lilinitoka! Nikapiga simu, akapokea mpwa wangu. Hakunigombeza. Aliuliza tu: "Mjomba, ulimwagia maji?" Kisha kimya. Afadhali angenitukana.

Daktari alivyonisomea

Nikambeba mpaka kwa daktari wa wanyama. Akamkagua kinywa na mapafu, akasema ana maambukizi kwenye njia ya hewa. Babu akaandikiwa dawa ya wiki kadhaa, mimi nikapewa somo.

Kwao mjusi huyu ni bara kavu la ndani la Australia. Unyevu wa hewa unaomfaa ni kama asilimia 30 hadi 40. Ukipanda kidogo baada ya kuogeshwa, si neno. Hatari ni kukaa juu siku nenda siku rudi, hasa pakiwa na ubaridi: mapafu yanashambuliwa, na ngozi ya tumbo inayolalia unyevu inaweza kuoza.

Nikaona aibu. Houston iko karibu na Ghuba ya Mexico, na hewa yake ya kiangazi ni nzito kama ya Dar mwezi Februari. Mimi mtoto wa pwani, ninayetia punje za mchele kwenye chumvi isilowe, ndiye niliyesahau kwamba hewa nayo hubeba maji! Tena hewa ya joto hubeba mvuke mwingi kuliko ya baridi. Mvuke usiouona mchana chini ya taa, usiku hewa ikipoa unageuka ukungu kwenye kioo. Na taulo langu lilikuwa limeuzibia njia ya kutokea.

Tulivyomkaushia makazi

Kwanza, nikanunua kipimo cha unyevu cha dijitali, nikakiweka upande wa baridi, mbali na bakuli. Kilisoma asilimia 78! Usitegemee macho, maana ukiona ukungu ujue umeshachelewa.

Pili, taulo nje. Wavu wa juu unaachwa wazi hewa ipite.

Tatu, makumbi yote jalalani. Nikatandika karatasi, ambayo ikilowa unaibadilisha palepale.

Nne, bakuli dogo likarudi, upande wa baridi. Maji humnyimi, unapunguza tu yanayogeuka mvuke. Na mboga unazikung'uta kabla ya kumpa.

Tano, usichezee joto. Pale anapoota panatakiwa nyuzi 38 hadi 42 za Sentigredi, na upande wa pili uwe na nafuu ili achague mwenyewe.

Sita, chumba kizima kikiwa kizito, ndani ya kioo hutafanya miujiza. Washa kiyoyozi au mashine ya kukausha hewa. Vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu usivitie humo, akimeza ni balaa.

Angalizo: akipanua kinywa chini ya taa huku amechangamka, usikimbilie daktari, anajipooza tu. Ukiona ute, mlio na uchovu, hapo usisubiri kesho.

Na usiende kumkaushia kila mnyama. Vinyonga wa milima ya Usambara, kwa mfano, wamezoea ukungu. Uliza kwanza kwao ni wapi.

Wenyeji waliporudi, mpwa wangu alipita moja kwa moja hadi kwenye kioo. Kipimo kilisoma 38. Akakitazama, akanitazama, akasema, "Sawa, mjomba." Babu alipona baada ya kumaliza dawa.

Siku hizi nikiwa Dar kijana hunipigia na kunisomea namba: "Mjomba, leo 35." Kama ananisamehe au ananikumbusha, sijui. Tukutane wiki ijayo!