Baiskeli ni Chuma, Si Rangi

Mpwa wangu alinijia miezi miwili iliyopita, baada ya sala ya alfajiri.

"Shikamuu, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

Akanieleza kuwa nauli ya matatu kutoka Kisauni hadi Mji wa Kale, anakofanya kazi ya useremala, yamla ujira wake. Alikuwa amedunduiza vijipesa, na dukani ameona baiskeli nyekundu yenye kumeremeta, ina gia 18. Alitaka baraka zangu tu.

Sikumpa. Nami niliwahi kununua mfano wake. Haukutimia mwaka, hewa ya chumvi ikazila nyaya za gia zikaganda. Siku moja waya wa breki ulikatika nikiteremka daraja la Nyali, na Mola ndiye aliyeniepusha na lori. Kila fundi niliyempelekea alitikisa kichwa: "Vyuma vyake hatuna, Maalim." Mwishowe niliiuza kwa kilo, kama chuma chakavu.

Basi nikamchukua kijana kwa fundi mmoja mzee wa mtaani. Mzee akatwambia, "Kabla hujaenda dukani, tazama vyuma vilivyoning'inia ukutani mwangu. Yenye vyuma hivyo ndiyo baiskeli yako."

Ukutani palikuwa na tairi za inchi 28, minyororo na pedeli za ile baiskeli nyeusi tuiitayo Black Mamba. Mtindo wake ni wa Kiingereza, nao Wahindi na Wachina wameiunda kwa miongo mingi. Gia haina. Breki zake huvutwa kwa vyuma, si kwa nyaya. Kwa kawaida ina spoki 32 mbele na 40 nyuma, maana mzigo hukaa nyuma. Aibu yake ni uzito. Na rimu zake za chuma zikilowa mvua, breki hazishiki upesi, basi mwendeshaji sharti azibane mapema.

Fedha hazikutosha kununua mpya, tukatafuta kuukuu. Mzee alitufunza kuikagua. Inua gurudumu ulizungushe. Likiyumba, rimu imepinda. Tikisa mkono wa pedeli; ukicheza, gololi zimelika. Pima mnyororo: pingili 24 hutimia inchi 12, zikizidi umelegea. Kisha chunguza maungio ya fremu. "Ukiona rangi mpya juu ya chuma kikuukuu," alisema, "uliza yaficha nini."

Tandiko nalo lipandishwe hata mguu ukaribie kunyooka pedeli ikiwa chini. Apandaye magoti yamekunjika huchoka kabla ya kufika Kongowea.

Na sisi watu wa pwani tuna adui mmoja zaidi: chumvi. Kila wiki ifute kwa kitambaa na maji baridi, si ya kisima cha chumvi, uikaushe, kisha utie mnyororo mafuta kidogo.

Mpwa wangu alinunua ya tatu tuliyoitazama. Imekwaruzika, na madigadi ya nyuma ina kibonyeo. Lakini fremu ni nzima, na tairi ilipotoboka wiki jana, fundi wa kando ya njia aliiziba naye akawahi kazini.

Ndugu msomaji, husemwa kizuri chajiuza. Lakini dukani hata kibaya hupakwa rangi. Mwezi huu, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, kijana amempa mamake fedha za unga kabla hajaombwa.