Mbona Simu ya Zamani Inakataa Toleo Jipya? Tuanze na Kompyuta za 1985

Unajaribu kusasisha apu yako ya pesa, simu inakujibu kwamba haiwezi. Wengi hudhani ni njama tu ya kuuza simu mpya. Lakini shida hii ni ya tangu enzi za kompyuta za kwanza za nyumbani, na inagusa usalama wa pesa zako.

Chumba kimoja, wapangaji wengi

Mwaka 1985, kampuni ya Commodore ya Marekani ilitoa kompyuta ya Amiga 1000. Ilikuja na memori ya KB 256 tu, lakini mfumo wake uliendesha programu kadhaa kwa wakati mmoja. Kwa mashine ya nyumbani, hayo yalikuwa maajabu.

Kasoro ilikuwa kwenye prosesa yake, Motorola 68000. Haikuweza kutenganisha memori ya programu moja na ya nyingine. Ni kama wapangaji wote kulala chumba kimoja: mmoja akimwaga maji, wote wanalowa. Programu moja ikikosea, mashine nzima ingeweza kuanguka.

Kuta zaingia

Mwaka huohuo, Intel ilitangaza prosesa ya 80386, iliyoweza kuipa kila programu chumba chake. Mwaka 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi jijini Helsinki, aliutegemea uwezo huo kuandika Linux. Kama kompyuta yako ilikuwa ya 286, Linux hiyo haikukubali, hata ungeongeza memori.

Memori nayo ilihitajika zaidi. Windows 95 ilitaka angalau prosesa ya 386DX na MB 4, ingawa Microsoft ilipendekeza MB 8. Simu ya leo yenye GB 4 inazidi ile MB 4 zaidi ya mara 1,000!

Hii inakuhusu vipi?

Android imejengwa juu ya Linux. Kila apu ina chumba chake, ndiyo maana gemu uliyopakua jana haiwezi kujiingilia tu kwenye apu yako ya pesa. Lakini kuta hupata nyufa, na masasisho ndiyo huziziba. Simu isiyopata masasisho hubaki na nyufa zake.

Kwa hivyo:

- Fungua Mipangilio uone toleo la mfumo na tarehe ya sasisho la mwisho la usalama.
- Unanunua simu ya mtumba? Angalia hayo kabla ya kulipa.
- Usiweke apu kutoka kwa linki ya SMS au WhatsApp. Tumia duka rasmi la apu.
- Usikubali fundi airuti simu yako ili ipokee toleo jipya. Anaweza kubomoa kuta zenyewe.
- Una mulika mwizi? Usijali. Menyu ya pesa kwenye laini yako haihitaji apu.

Na PIN ni yako peke yako. Ukimtajia mtu, hakuna prosesa itakayokuokoa.