Misa, Padre na Somo: Maneno ya Kanisa la Pwani katika Nchi ya Ugogo

Mkristo wa Kianglikana aliyelelewa Magila au Masasi, akihamia Dodoma kwa ajili ya kazi, hulikuta Kanisa lake liko huko, chini ya Askofu Mkuu yule yule, na lenye Biblia ile ile. Lakini akiuliza njiani, "Misa ni saa ngapi?" aghalabu huelekezwa kwa Wakatoliki wa Roma. Yeye asema Padre, wenyeji wasema Mchungaji. Yeye asema altare, wao husema Meza ya Bwana. Na ile aliyozoea kuiita Misa Takatifu, wao huiita Ushirika Mtakatifu. Aingiapo kanisani huipigia goti altare, kisha akajiona yu peke yake. Watu hawa si wa madhehebu mawili. Hata hivyo maneno yao ya ibada yamechotwa katika visima viwili, na maneno hayo hayakuchaguliwa ovyo.

Kisima cha kwanza ni Unguja. Baada ya Livingstone kusema na watu wa Cambridge mwaka 1857, kilianzishwa chama kinachojulikana kwa herufi UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alikwenda nchi ya mto Shire mwaka 1861, akafa mwaka uliofuata. Naye William Tozer akakihamishia chama Unguja mwaka 1864. Watu wake walikuwa Waanglikana wenye kupenda desturi za Kikatoliki, na kadiri miaka ilivyopita walizidi kuzishika: maungamo mbele ya padre, mavazi ya ibada, ubani, sikukuu za watakatifu, na kuwaombea marehemu. Kisima cha pili ni Mpwapwa, ambako watu wa CMS waliweka kituo mwaka 1876, katika njia ya misafara iendayo bara. Kisha wakaenea Kisokwe, Mvumi, Buigiri na Kongwa. Hao nao ni Waanglikana, ila wa mwelekeo wa Kiinjili: kwao jambo kubwa ni mahubiri, na Biblia mkononi mwa kila mtu, na moyo kugeuka. Mwaka 1927 Ugogo uliwekwa katika Dayosisi mpya ya Central Tanganyika, chini ya Askofu George Chambers aliyetoka Australia, na Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu likawekwa wakfu mjini Dodoma mwaka 1933. Basi Mgogo aliweza kubatizwa, kuoa na kuzikwa katika Kanisa la Kianglikana bila kunusa ubani hata siku moja.

Wengi hudhani kwamba tofauti hii ni ugomvi wa Waingereza tu, waliokuja nao melini. Kweli ipo sehemu ya hayo, lakini kwa maoni yangu haitoshi. Yafaa tutazame pia Wakristo wa kwanza walikuwa nani.

Kule Unguja walikuwa zaidi watumwa waliokombolewa, wengi wao watoto, walionyang'anywa katika majahazi na manowari za Kiingereza. Myao, Mnyasa na Mmakua waliketi pamoja Kiungani na Mbweni, wakasemezana kwa Kiswahili, kwa kuwa hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja. Hapakuwa na baba wa kumpa kijana mke, wala mjomba wa kumzika mtu akifa. Soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini liliwekwa pale pale siku ya Krismasi ya mwaka ule. Na yasemwa kwamba altare yake imesimama mahali pa mti waliofungwa watumwa wakapigwa mijeledi. Askofu Edward Steere, aliyelisimamia jengo lile hata likaisha, amezikwa nyuma ya altare hiyo. Nani atashangaa, basi, ikiwa watu hao waliipigia goti? Altare ilikuwa imechukua mahali pa mti ule, na parokia ikachukua mahali pa ukoo.

Mgogo aliyebatizwa Mvumi hakuwa hivyo. Alikuwa na ukoo, na ng'ombe, na tembe la baba yake. Hakuhitaji Kanisa limpe ndugu. Alikuwa nao tele, na pengine ndio waliomzuia asibatizwe. Neno alilolihitaji lilikuwa la kumpa nguvu ya kusimama peke yake kati ya watu wake, na Injili ya CMS ilimpa neno hilo. Sisemi kwamba UMCA walikuwa na watu wasio na ukoo tu, maana Wabondei wa Magila na watu wa Masasi walikaa katika nchi yao. Lakini huko Masasi Vincent Lucas, aliyekuwa askofu kuanzia mwaka 1926, hakuiondoa jando. Aliiingiza ndani ya Kanisa, na padre akawa pamoja na wazee. Desturi iliyozaliwa Unguja, ya Kanisa kuwa jamaa, ilikuwa imekwenda nao.

Hapa ndipo neno somo linapoonyesha kazi yake. Katika Kiswahili cha Pwani, somo wako ni mtu mwenye jina kama lako, nawe humwita hivyo kwa upendo. Tena somo ni yule mwanamke amfundishaje kijana wa kike mambo ya utu uzima. Kanisa lililichukua neno hili likampa mtakatifu. Mtoto aliyetolewa jahazini hana jina la babu akabatizwa Yohana alipata somo, na siku ya tarehe 27 Desemba ilikuwa yake. Kadhalika kila parokia ina somo wake, na siku yake kuna maandamano, na Misa, kisha chakula cha pamoja ambacho hata majirani Waislamu hualikwa. Mtakatifu wa namna hii ni mtu wa nyumbani, wala si picha ya ukutani tu.

Turudi kwa maneno mengine. Kanisa, askofu, kasisi, shemasi, injili na msalaba yametoka katika Kiarabu, ambacho nacho kilipokea baadhi yake kwa Wayunani na Washami. Steere, aliyetoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, alikuta maneno ya namna hii hayawi mageni kwa watu wa Pwani. Neno kasisi, kwa mfano, limo katika Kurani. Padre, misa, altare na Kwaresima yana asili ya Kireno au ya Kilatini. Kipaimara limeundwa papa hapa, maana yake kile kimpacho mtu uimara, na kwa uzuri wa kuundwa sijaona jingine la kulishinda. Watu wa Dodoma waliokwepa altare wakachagua meza hawakutoka katika Kireno, kwa kuwa meza nalo ni neno la Wareno! Lakini mchungaji ni neno la Kibantu tupu, na katika nchi ya wafugaji halihitaji kufafanuliwa. Mgogo alijua tangu utoto kwamba mchungaji hulala macho.

Ubani pia wataka kufahamiwa kwa mahali pake. Chetezo ni chombo cha nyumba ya Pwani: hufukizwa udi katika nguo, na ubani katika maulidi na matangani. Chetezo kilipoingia kanisani Mkunazini, watu waliona heshima waliyoijua, imewekwa mbele ya Mungu wa Wakristo. Huko bara chombo hicho hakikuwa na mahali pake katika tembe, na moshi wa kanisani ungekuwa moshi tu.

Tofauti hizi hazikukaa kimya siku zote. Mwaka 1913 wamisionari wa vyama mbalimbali walikutana Kikuyu, katika Kenya, wakapokea Ushirika pamoja na wasio Waanglikana. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, akawashitaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwamba wameiacha imani. Vituo vya CMS vya Ugogo wakati ule vilikuwa chini ya Askofu wa Mombasa, kwa hiyo shitaka lile liliwagusa Wakristo wa Mpwapwa, ingawa pengine hawakulisikia. Vita vikaja mwaka 1914. Wajerumani waliwafunga wamisionari Waingereza wa vyama vyote viwili, na waalimu Waafrika pamoja nao, nao waalimu waliteswa zaidi. Wengi walikuwa Tabora hata majeshi ya Wabelgiji yalipouteka mji Septemba 1916. Weston mwenyewe hakulegea katika mafundisho. Lakini mwaka 1920 aliandika kupinga kazi za kulazimishwa Waafrika, na mwaka 1923, katika mkutano mkubwa wa Waanglikana Wakatoliki huko London, aliwaambia kwamba hawawezi kumwabudu Yesu katika tabernakulo wasipomhurumia katika maskini. Maneno hayo yalifaa kutoka kwa mtu ambaye kanisa lake kuu limesimama sokoni pa watumwa.

Jambo lililobaki gumu kuliko yote ni la marehemu. Tarehe 2 Novemba parokia za Pwani husoma majina ya wafu wao mbele ya altare. Kwa watu wa CMS jambo hili lilikuwa na hatari, na katika Ugogo hatari yenyewe ilionekana kwa macho: jamaa walikwenda makaburini kutambika, wakiomba afya na mvua kwa mizimu, na mtemi alikuwa na mawe yake ya mvua. Mkristo mpya aliyeambiwa awaombee wafu angewezaje kupambanua kuwaombea na kuwaomba? Walimu wa Ugogo waliona ni afadhali kufunga mlango. Lakini baada ya njaa kuu iliyoitwa Mtunya, miaka ya 1917 hadi 1920, ambayo iliua watu wengi mno, mlango huo uliofungwa haukuwa mwepesi kwa waliozika watoto.

Mwaka 1970 dayosisi za visima vyote viwili zilifanywa Jimbo moja la Tanzania, na Askofu Mkuu wa kwanza, John Sepeku, alikuwa mtoto wa desturi ya UMCA. Biblia ilikuwa imetangulia kuungana, kwa maana tafsiri ya Unguja na ile ya Mombasa zilifanywa moja mwaka 1952. Ofisi za Jimbo ziko Dodoma. Na tangu serikali ilipoanza kuhamia huko kwa nguvu mwaka 2016, watu wa Muheza, Korogwe na Masasi huketi katika viti vimoja na Wagogo. Watoto wao huzoea upesi: kanisani husema Mchungaji, na bibi akija kutoka Pwani husema Padre. Lakini ukimwambia mtoto wa namna hiyo, "Leo ni sikukuu ya somo," huweza kukuuliza ni somo la kwanza au la pili, maana huko Dodoma somo alijualo ni lile lisomwalo katika Biblia.