Popo Darini, Kunguru Uani: Sharia Yasemaje?

Mama mmoja wa mtaa wa Kibokoni, mjane anayelea wajukuu wake, ametuletea swali ambalo twalisikia mara nyingi katika Mji wa Kale. Darini mwake mmeingia popo, na mkojo wao wadondoka katika chumba anachosalia. Huko juu ya paa, kunguru hawamwachii hata maembe anayoyaanika kwa achari. Jirani amemshauri awafukize popo kwa moshi, na kunguru awatilie sumu ya panya katika matumbo ya samaki. Je, afanye hivyo? Na sala alizozisali chumbani mle zina hukumu gani?

Tuanze na sala, kwani ndiyo iliyomkosesha usingizi. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo pwani yetu imelelewa nayo, mkojo na kinyesi cha popo ni najisi. Lakini wanavyuoni wamesamehe kile kichache ambacho ni taabu kujiepusha nacho, kama walivyosamehe kinyesi cha ndege misikitini. Basi sala zake zilizopita asizitilie shaka. Atandike msala wake mbali na pale panapodondoka, na anachokiona akioshe. Wallahu aalam.

Wapo pia waliomtisha kuwa popo ni nuksi, au ni kazi ya mtu. Hilo alitupe. Mtume (s.a.w.) amekataza kuamini nuksi ya ndege, na popo wameingia kwa sababu mabati yameachana na ukuta.

Popo hao wadogo wa darini si wale wakubwa wanaokuja usiku kula mikungu na maembe. Wadogo hula wadudu, mbu wakiwemo, na jike kwa kawaida huzaa kinda mmoja tu kwa mara moja, hivyo kundi likiuawa huchukua miaka mingi kurudi. Imepokewa kutoka kwa sahaba Abdullahi bin Amri kauli ya kukataza kuwaua. Sisi twaona inatosha kumzuia Muislamu asiwachome wala asiwafukize. Na moshi wenyewe ni hatari: nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe na boriti, zimeshikana ukuta kwa ukuta, na vichochoro vingi gari la zimamoto haliingii. Cheche moja darini yaweza kuwa msiba wa mtaa mzima.

Njia iliyo bora haina gharama kubwa. Jioni, adhana ya Maghrib ikikaribia, mtu mzima na watoto wakae nje wakiangalia paa. Popo hutoka kwa tundu zao zile zile, na watoto ni hodari wa kuziona. Wakishatoka, sikilizeni darini: vikisikika vilio vyembamba, humo mna makinda wasioweza kuruka, nanyi subirini wiki kadhaa. Kuziba wakati huo ni kuwafisha makinda kwa njaa, na uvundo wake mtaunusa wenyewe. Darini pakiwa kimya, tungikeni wavu mgumu wenye matundu madogo juu ya tundu, ufungwe juu na pembeni, chini uachwe wazi. Popo atateleza atoke, lakini akirudi hataona pa kuingilia. Baada ya siku kadhaa bila popo kutoka, fundi azibe kwa chokaa. Asibomoe paa wala kubadilisha sura ya nyumba bila ruhusa, kwani mji huu umo katika hifadhi.

Amma kunguru, hukumu yake ni nyingine. Katika hadithi ya Bi Aisha (r.a.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, kunguru ametajwa miongoni mwa viumbe watano wadhuru wanaoruhusiwa kuuawa hata katika Haram. Na huyu wetu mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji. Asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili ale taka, na Mombasa akaonekana mwaka 1947. Tangu hapo amekula mayai na makinda ya ndege wetu wengi. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) lilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja.

Lakini ruhusa ya kuua si ruhusa ya kutesa, wala ya kudhuru wengine. Sumu inayotumiwa katika kazi hiyo ni maalumu, na hushikwa na wenye idhini. Sumu ya panya ndani ya matumbo ya samaki haitachagua kunguru. Wa kwanza kuifikia watakuwa paka wa mtaa, na yupo mtoto mdogo anayetambaa. Mwanamke aliyemfungia paka hadi akafa njaa tumesimuliwa marejeo yake. Mwenye kumlisha sumu ajitafutie udhuru.

Tuseme kweli: kunguru wamefuata mikono yetu. Matumbo na magamba ya samaki yakitupwa wazi, hakuna sumu itakayowamaliza. Yafungwe katika mfuko, yatiwe katika pipa lenye kifuniko, yatolewe siku mkokoteni wa taka unapopita, si usiku uliotangulia. Embe za achari zifunikwe kwa chandarua kilichovutwa kikakaza. Kiota kinachoanza kujengwa, mara nyingi kwa vipande vya nyaya, kiondolewe kabla ya mayai, na mwenye kupanda mti afunike kichwa.

Tangi la maji la juu ya paa lifunikwe pia. Kinyesi cha popo kilichokauka kisifagiwe kikavu, maana vumbi lake hudhuru mapafu: kinyunyizieni maji kwanza, na mfunge kitambaa puani na mdomoni. Popo aliyeanguka chini asishikwe kwa mkono mtupu. Akimuuma mtoto, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama alama ni ndogo kama tundu la sindano.