Kipaza Sauti cha Rubani: Marekebisho Madogo Yanayolinda Maisha katika Anga la Nyanda za Juu Kusini

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

USALAMA wa abiria angani hautegemei injini na mabawa pekee. Unategemea pia maneno machache yanayopita kati ya rubani na muongoza ndege, ambayo yakisikika nusu yanaweza kugeuza mwinuko wa ndege, njia ya kurukia au ruhusa ya kutua kuwa jambo la kubahatisha.

Hoja hiyo ina uzito wa pekee katika Mikoa ya Mbeya na Iringa. Kiwanja cha Ndege cha Songwe, ambacho licha ya jina lake kipo mkoani Mbeya, kilianza kutumika Desemba 2012 kuchukua nafasi ya kiwanja cha zamani kilichopo Jiji la Mbeya. Mkoani Iringa kipo Kiwanja cha Nduli, huku ndege ndogo zikihudumia pia viwanja vilivyomo ndani ya Hifadhi ya Taifa Ruaha, kikiwemo cha Msembe. Eneo hili lina milima mirefu, ukiwemo Mlima Rungwe wenye urefu wa takribani mita 2,960, na asubuhi za ukungu si jambo geni. Rubani asiyeona vizuri nje ya dirisha huhitaji zaidi kusikia na kusikika.

Mawasiliano hayo hufanyika kwa redio za masafa ya VHF, ambazo mawimbi yake husafiri kwa mstari ulionyooka. Mlima ukisimama kati ya ndege na antena, mawimbi hudhoofika au kukatika. Hakuna marekebisho ya kipaza sauti yanayoweza kuondoa mlima. Hata hivyo, kipaza sauti kilichowekwa vibaya huongeza udhaifu juu ya udhaifu.

Rubani hutumia hedseti, yaani kifaa chenye vifuniko viwili vya masikio na mkono mwembamba unaobeba kipaza sauti mbele ya mdomo. Kipaza sauti hicho ni tofauti na kile kinachotumika kwenye mikutano ya hadhara au nyumba za ibada. Mshereheshaji husogeza kipaza sauti mbali na mdomo ili spika zisipige kelele. Rubani akifanya hivyo, sauti yake humezwa na mngurumo wa injini.

Sababu ni namna kifaa kilivyoundwa. Vipaza sauti vingi vya hedseti za ndege hupokea sauti kutoka pande mbili. Kelele ya injini, kwa kuwa inatoka mbali na kuenea kote, hufika pande zote mbili kwa nguvu inayokaribiana, hivyo hujifuta yenyewe. Sauti ya rubani hufika kwa nguvu upande mmoja tu, ule unaotazama midomo, na ndiyo inayobaki. Kipaza sauti kikisogezwa mbali, sauti ya rubani nayo huanza kufika pande zote mbili, na kifaa huifuta kana kwamba ni kelele.

Kwa msingi huo, hatua ya kwanza ni kuhakikisha plagi zote mbili zimeingia hadi mwisho. Katika ndege nyingi ndogo, plagi nene ni ya kusikilizia na nyembamba ni ya kipaza sauti. Plagi iliyolegea huleta mikwaruzo au ukimya, na mara nyingi lawama huelekezwa kwenye redio isiyo na kosa.

Hatua ya pili ni mahali pa kipaza sauti. Kinapaswa kuwa karibu sana na midomo, milimita 3 hadi 6 hivi, kando kidogo ya katikati ili pumzi ya herufi kama "p" na "b" isikipige moja kwa moja. Upande wenye alama ya kuzungumzia uelekee midomoni. Kikigeuzwa, sauti hufifia na kelele hubaki. Sponji inayokifunika isiondolewe, kwani huzuia upepo na unyevu wa pumzi.

Hatua ya tatu ni kurekebisha intakomu, mtambo wa mazungumzo ndani ya ndege. Kitufe chake cha kuzuia kelele kirekebishwe injini ikiwa inafanya kazi: kizungushwe taratibu hadi mngurumo ukome kusikika masikioni, kisha kiachwe hapo. Kikizidishwa, silabi za mwanzo hukatwa. Kikipunguzwa, kelele haiishi. Ieleweke kwamba kitufe cha sauti kilichopo kwenye hedseti hubadilisha kile anachosikia rubani, si kile kinachotumwa hewani.

Baadhi ya vipaza sauti vina skrubu ndogo ya kuongeza au kupunguza nguvu ya sauti inayotumwa. Hiyo iwe hatua ya mwisho, baada ya mahali pa kipaza sauti kuhakikiwa, na ifanyike kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Ikiongezwa kupita kiasi, maneno hupasuka na kelele za ndani ya ndege huingia. Ikipunguzwa mno, rubani hulazimika kupaza sauti.

Baada ya hapo rubani hufanya jaribio la redio. Muongoza ndege hujibu kwa kipimo cha kimataifa cha 1 hadi 5, ambapo 1 ni kutosomeka kabisa, 3 ni kusomeka kwa shida, na 5 ni kusomeka kikamilifu. Jibu la 3 likitolewa ndege ikiwa bado ardhini karibu na mnara, si vyema kuruka kwa matumaini kwamba mambo yatatengemaa angani.

Ipo njia rahisi ya kutofautisha chanzo cha tatizo. Ikiwa mvumo wa redio ya msikilizaji unatulia rubani anapobonyeza kitufe, lakini maneno yanasikika kwa mbali, mawimbi yamefika vizuri na kinachoshukiwa kwanza ni kipaza sauti. Ikiwa maneno yamefunikwa na mvumo, huenda tatizo ni umbali au mlima. Kubadilishana hedseti na rubani mwenza husaidia pia kujua kama hitilafu ipo kwenye hedseti au kwenye redio.

Sambamba na kifaa, namna ya kuzungumza ina nafasi yake. Miongozo ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) inaelekeza rubani kubonyeza kitufe kikamilifu kabla ya kuanza kusema, kutozidi maneno 100 kwa dakika, na kutulia kidogo kabla na baada ya kutaja tarakimu. Ndiyo maana 9 ya Kiingereza hutamkwa "naina" redioni, ili isichanganywe na 5.

Aidha, kitufe kiachiwe mara ujumbe unapokwisha, kwani kikikwama hufunga masafa kwa kila mmoja. Machi 27, 1977, katika ukungu wa kisiwa cha Tenerife nchini Hispania, ndege mbili kubwa ziligongana kwenye njia ya kurukia na watu 583 wakapoteza maisha. Miongoni mwa mambo yaliyochangia ni ujumbe wa pande mbili kurushwa kwa wakati mmoja, ukageuka mlio ulioficha maneno muhimu.

Marubani wanafunzi, wamiliki wa ndege ndogo na mafundi wanahimizwa kuufanya ukaguzi wa hedseti kuwa sehemu ya maandalizi ya kila safari. Ni kazi ya dakika chache. Na pale maneno yasiposikika sawasawa, rubani asikisie: aombe yarudiwe, hata kama foleni ya redio ni ndefu.