Nakshi Mpya kwa Mlango wa Kale

Mlango wa nyumba ya marehemu bibi yangu, kule Lamu, uliliwa na mchwa hata mwimo mmoja ukawa unga mtupu. Tukachanga jamaa, nami nikatumwa kwa fundi kuagiza mwingine. Nilidhani kazi ni nyepesi: atautazama ule wa zamani na kuuiga, jani kwa jani.

Nilipofika karakanani nilimkuta mwanagenzi wake amekwisha kuchora nakshi yake mwenyewe. Hamkuwa na yungiyungi wala mnyororo. Alichora mkoko, mizizi yake imepinda na kushikana juu ya maji, kutoka mwimo hadi mwimo. Nikakunja uso.

"Mwanangu, hii si nakshi yetu."

Akanijibu kwa adabu: "Ami, na yungiyungi tulilitoa wapi?"

Naam, wasomaji, swali hilo lilinifunga mdomo. Kwani mengi tunayoyaita ya mababu yalikuja kwa jahazi. Milango ya kichwa cha mviringo, iliyojaa maua na majani, ilienea Unguja katika karne ya 19, na mkono wa mafundi wa Kihindi unaonekana wazi ndani yake. Misumari mikubwa ya shaba ni desturi ya Bara Hindi. Hata msaji ulivuka bahari. Lakini nani leo atathubutu kusema milango hiyo si yetu? Na mkoko je? Boriti zake ndizo zilizobeba dari za nyumba za mawe za Lamu karne kwa karne, wala sikumbuki kuuona umepewa heshima ya kuchongwa mlangoni.

Hata hivyo, upya peke yake si sifa. Fundi mkuu, aliyekuwa kimya akinoa patasi, aliichukua karatasi. Mizizi ilikuwa myembamba mno: mbambakofi ni mti mgumu, na mstari mwembamba ukikatwa kukingama na nyuzi zake humeguka. Tena mfaa, ule mti wa katikati unaoziba pale mbao mbili zinapokutana, kijana aliuchimba sana hata ungepoteza nguvu.

"Nakshi huufuata mlango," fundi akasema. "Mlango haufuati nakshi."

Kijana akafuta. Akainenepesha mizizi, akaurudia mchoro kwa vipimo sawa, kama ulivyorudiwa mnyororo wa kale.

Hapo nikaitambua tofauti ya kubuni na kubandika. Siku hizi huuzwa maua yaliyokatwa kwa mashine, yakagundishwa juu ya ubao wowote. Kosa lao si upya. Kosa lao ni kutojua yamekaa juu ya nini.

Mji wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na ni haki kuulinda. Ila tukiwaamuru vijana kuiga tu, tutabaki na milango, tukose wachongaji.

Kwa kuwa nilisoma chuoni, waliniomba niandike khati ya kizingiti cha juu. Nikaandika Bismillahi, na chini yake mwaka: 1447 Hijria. Kesho asije mtu akamwuzia mgeni mlango ule kwa madai kuwa una miaka mia mbili. Na useme umri wake bila haya.