Hofu ya Kurithi Saratani ya Matiti: Funzo Kutoka Nchi Jirani



Mwaka 2020 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa kitaalamu uliofanywa katika nchi jirani ya Uganda, na pia nchini Kameruni, kuhusu saratani ya matiti, ugonjwa ambao wengi huuita kansa. Wanawake 196 waliokuwa na ugonjwa huo walipimwa jeni, yaani zile chembe za urithi ambazo kila mtoto huzipokea kwa baba na mama yake. Kisha walilinganishwa na wanawake 185 ambao hawakuwa na ugonjwa huo. Ilionekana kwamba zaidi kidogo ya wagonjwa 15 katika kila 100 walikuwa wamezaliwa na kasoro ya jeni inayoongeza uwezekano wa kupatwa na saratani hiyo. Miongoni mwa wanawake wasio wagonjwa, wenye kasoro ya namna hiyo hawakufika 2 katika kila 100.

Habari za aina hii zina faida kubwa, lakini zaweza pia kuleta hofu. Katika kambi za jeshi na kota za polisi wamo wanawake waliomzika mama, kisha dada wa mama, kwa ugonjwa huo huo. Wamo askari wa kike ambao kila waogapo hupapasa kifua wakitafuta uvimbe. Wamo pia askari wa kiume ambao mabinti zao wanakua, nao hawathubutu kuwaambia kilichomuua bibi yao. Hofu hiyo haikuletwa na wataalamu. Ilikuwamo majumbani kabla ya vipimo vyo vyote kupatikana. Linalotakiwa ni kuifahamu asili yake, kuipima ukubwa wake, na kuiwekea utaratibu, kwa sababu hofu isiyo na utaratibu humfanya mtu afiche, na kuficha ndiko kunakoua.

Yafaa kwanza ieleweke jinsi urithi huo unavyofanya kazi. Mwaka 1990 mtaalamu wa Marekani, Mary-Claire King, alionyesha kwamba baadhi ya saratani za matiti zinazoandama ukoo mmoja zina chanzo chake katika sehemu maalumu ya chembe za urithi. Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 1994, ikaitwa BRCA1. Mwaka uliofuata ikapatikana ya pili, BRCA2. Jeni hizi mbili si adui wa mwili. Kila binadamu anazo, na kazi yake ni kusaidia kurekebisha uharibifu unaotokea ndani ya chembe hai za mwili. Hatari hutokea pale mtu anapozaliwa na nakala yenye kasoro. Urekebishaji hudhoofika, na chembe zilizoharibika huweza kuanza kukua bila mpango.

Kila mtu ana nakala mbili za jeni hizo, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Mzazi mwenye kasoro katika nakala moja huweza kumpa mtoto ile iliyo nzima au ile yenye kasoro, na uwezekano ni nusu kwa nusu. Hesabu hiyo huanza upya kwa kila mtoto. Wanaweza kurithi wote, akarithi mmoja, au asirithi hata mmoja. Na yule ambaye hakuirithi kasoro hiyo hawezi kuwarithisha wanawe.

Hapa ndipo wanaume wanapohusika. Desturi ya kusema kwamba maradhi ya matiti ni mambo ya upande wa mama haina msingi. Baba huweza kuibeba kasoro hiyo maisha yake yote bila dalili yo yote, akaipeleka kwa binti yake. Tena wanaume wenyewe hawakusalimika. Mgonjwa mmoja hivi katika kila 100 wa saratani ya matiti ni mwanamume, na mwanamume mwenye kasoro ya BRCA2 huwa pia katika hatari zaidi ya saratani ya tezi dume. Kwa hiyo askari anayesikia uvimbe mgumu chini ya chuchu yake asione haya kwenda kwa daktari.

Baada ya asili ya hofu, upimwe ukubwa wake. Ulimwenguni kwa jumla, saratani za matiti zinazotokana moja kwa moja na kasoro za kurithi hukadiriwa kuwa kati ya 5 na 10 katika kila 100. Hesabu ya Uganda na Kameruni ni kubwa zaidi, lakini hata huko wagonjwa zaidi ya 80 katika kila 100 hawakukutwa na kasoro hizo. Kwa hiyo, kuwa na ndugu mmoja aliyeugua, hasa akiwa mzee, si ushahidi kwamba ukoo mzima umo hatarini.

Kwa wale walioirithi kasoro ya BRCA1 au BRCA2, hatari ni kubwa na haifai kufichwa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wanawake wapatao 70 katika kila 100 kati yao hupata saratani ya matiti kabla ya kufikisha umri wa miaka 80. Saratani ya ovari nayo huwapata wapatao 44 katika 100 wenye kasoro ya BRCA1, na 17 katika 100 wenye kasoro ya BRCA2. Hata hivyo, hesabu hizo zasema pia kwamba wapo wanaofikia uzee bila kuugua. Kurithi jeni yenye kasoro si sawa na kurithi ugonjwa. Ni kurithi sababu ya kukaa macho.

Zipo dalili za ukoo ambazo wataalamu huzitazama. Nazo ni ndugu wawili au zaidi wa upande mmoja kuugua saratani ya matiti au ya ovari. Mtu kuugua kabla ya umri wa miaka 50. Matiti yote mawili kushikwa. Au mwanamume wa ukoo huo kuugua saratani ya titi. Katika nchi za Afrika, ambako watu wengi ni vijana, wagonjwa wengi huwa na umri mdogo, hivyo umri peke yake hautoshi kutoa hukumu.

Askari wanaelewa vizuri kwamba lindo huweza kuharibiwa kwa njia mbili. Yupo mlinzi anayesinzia, na yupo anayefyatua risasi kila jani linapotikisika. Hofu ya saratani huzaa walinzi wa aina zote mbili. Mwanamke mmoja hukataa kabisa kuchunguzwa kwa kuogopa atakachoambiwa. Mwingine hujichunguza mara kumi kwa siku, halali usingizi, na kila maumivu ya kifua huyaona kuwa mwisho wa dunia. Wote wawili wanastahili kusaidiwa, wala si kuchekwa, kwani chanzo cha mashaka yao ni kimoja.

Gharama ya kusinzia imekwisha kuonekana. Uchunguzi mkubwa uliofuatilia wagonjwa wa saratani ya matiti katika nchi tano za Afrika, zikiwamo jirani zetu Uganda na Zambia, ulionyesha kwamba baada ya miaka mitatu karibu nusu yao walikuwa wamefariki. Sababu moja kubwa ni kwamba wengi walifika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake ulioanzishwa mwaka 2021, lilizitaka nchi zihakikishe kwamba angalau wagonjwa 60 katika kila 100 wanagunduliwa ugonjwa ukiwa katika hatua za mwanzo.

Ni hatua gani basi zinazofaa kuchukuliwa na mtu mwenye wasiwasi?

Hatua ya kwanza ni kuandika habari za ukoo. Daftari la shule latosha. Iandikwe orodha ya babu na bibi, wazazi, wajomba, mashangazi na ndugu, kwa upande wa baba na wa mama. Nani aliugua nini, na akiwa na umri gani. Huenda kazi hiyo peke yake ikapunguza hofu, kwa sababu huweza kuonyesha kwamba aliyedhaniwa amekufa kwa saratani alikufa kwa jambo jingine. Na pale inapoithibitisha hofu, humpa daktari mahali pa kuanzia.

Hatua ya pili ni kumpelekea daftari hilo mganga au muuguzi aliyesomea kazi hiyo. Si lazima safari ianzie katika hospitali kubwa. Nchini Rwanda, katika wilaya ya Burera yenye hospitali ya Butaro, ambako kituo cha matibabu ya saratani kilifunguliwa mwaka 2012, wauguzi wa vituo vya afya vya vijijini walifundishwa kuchunguza matiti na kuwatambua wanaohitaji kupelekwa mbele. Wanawake wengi waliofika na malalamiko ya matiti hawakuwa na saratani. Jambo hilo lishikwe vizuri: uvimbe mwingi wa matiti si saratani, lakini hakuna awezaye kuutofautisha kwa kuogopa wala kwa kubahatisha. Nchini Tanzania, mwenye kuhitaji uchunguzi zaidi huweza kupelekwa katika hospitali za rufaa au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam.

Hatua ya tatu ni ratiba. Kwa mwanamke aliyerithi kasoro ya BRCA1 au BRCA2, wataalamu hushauri matiti yachunguzwe na mganga kila baada ya miezi 6 hadi 12 kuanzia umri wa miaka 25. Panapokuwa na uwezo, huongezwa vipimo vya picha, kama vile MRI, altrasaundi, na baadaye eksirei ya matiti. Uchunguzi wa nyumbani ufanywe siku chache baada ya hedhi, wala si kila siku. Mwenye ratiba ana haki ya kuiambia hofu yake isubiri tarehe. Mabadiliko mapya tu, kama vile uvimbe, ngozi kubonyea, chuchu kuingia ndani au kutoa damu, ndiyo yasiyosubiri.

Ama kuhusu kipimo cha jeni, hakipatikani kila mahali, na gharama yake si ndogo. Inapowezekana, huanza kupimwa ndugu ambaye amekwisha kuugua, kwani ndiye awezaye kuonyesha kama ukoo una kasoro inayojulikana. Majibu mengine huwa hayana uhakika, hasa kwa Waafrika, kwa kuwa jeni zao zimechunguzwa kidogo kuliko za watu wa Ulaya na Marekani. Jibu la namna hiyo si hukumu. Na hata jibu likionyesha kasoro, zipo njia za kufuata: kuchunguzwa kwa karibu zaidi, dawa za kupunguza hatari, au upasuaji wa kuondoa matiti kabla ya ugonjwa, ambao hupunguza hatari ya saratani ya matiti kwa zaidi ya asilimia 90. Kwa saratani ya ovari, upasuaji hufikiriwa baada ya mwanamke kumaliza uzazi. Maamuzi hayo hayafanywi kwa siku moja, wala hayafanywi na mume au wakwe kwa niaba ya mwenye mwili.

Wakati huo wote, akili nayo inahitaji kutunzwa. Hofu iliyofungiwa kifuani hukua. Iliyosemwa kwa mtu mmoja mwaminifu hupungua. Kazi, mazoezi, usingizi na kuepuka pombe husaidia mwili na moyo kwa pamoja, na pombe yenyewe ni mojawapo ya mambo yanayoongeza hatari ya saratani ya matiti. Ikiwa majuma mawili yanapita mtu halali, hali chakula vizuri, au hawezi kukaza fikira kazini, huo umekuwa ugonjwa wa kutibiwa kama malaria inavyotibiwa. Kwa anayebeba silaha, kulisema jambo hilo kwa mganga wa kikosi ni sehemu ya wajibu wake.

Wapo wengine wenye wajibu pia. Kamanda anayeombwa ruhusa ya kwenda kliniki ajue kwamba siku moja ya ruhusa yaweza kuokoa miaka mingi ya utumishi. Majibu ya hospitali ni siri ya mgonjwa, si mazungumzo ya mesi. Mume asimkimbie mke, wala ukoo usikataliwe ndoa, kwa sababu ya jeni ambayo hakuna aliyeichagua. Familia zinazoficha ili kulinda posa za mabinti zinawanyima mabinti hao habari ambayo ingeweza kuwaokoa.

Wanawake wa Uganda waliokubali kupimwa, wengi wao wakiwa tayari ni wagonjwa, waliwapa majirani zao ujuzi ambao haukuwapo. Ujuzi huo hauwezi kuiondoa hofu yote, lakini waweza kuipa kazi ya kufanya. Askari aliyefundishwa halazimiki kutoogopa. Hulazimika kujua zamu yake ni saa ngapi, aangalie upande gani, na amwite nani akiona dalili. Vivyo hivyo kwa binti wa ukoo uliopigwa na saratani ya matiti. Aandike habari za ukoo wake, aonane na mganga, afuate ratiba yake, na siku zilizobaki azitumie kuishi.